Mkate wa Kumimina kwa Moto wa Juu na Chini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mkate wa kumimina, ambao Mombasa wengi wanauita mkate wa sinia, ni mkate wa mchele, tui, iliki na hamira. Kila nyumba ya pwani ina wake. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi, hasa Shaaban inapoingia na watu wanapoanza kujipanga kwa futari. Wengi wanaomba vipimo, nami nitavitoa. Lakini ukisoma mpaka chini utaona narudi kwenye dalili kila mara: rojo likoje, linanukaje, linaliaje likigusa samli. Mabibi zetu walipika kwa dalili, na dalili hizo zinafanya kazi kwenye jiko la mkaa la Tanga na kwenye oveni ya Muscat vilevile.

Naomba vipimo vya kuanzia.

Kwa sufuria ya duara yenye upana wa sentimita 22 hivi: mchele vikombe 2 (karibu gramu 400), tui zito kikombe 1 na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira ya chenga kijiko cha chai 1, iliki punje 8 hadi 10 zilizomenywa na kutwangwa, ute wa yai 1, chumvi kidogo sana, na samli ya kupaka sufuria.

Roweka mchele, uoshe, uchuje maji yote, kisha usage pamoja na tui mpaka ukisugua tone kati ya vidole viwili usisikie chenga hata moja. Hapo ndipo utie hamira, iliki, chumvi na sukari. Usitie hamira ndani ya blenda mwanzoni: mashine ikizunguka muda mrefu rojo hupata joto, na hamira ikizidishiwa joto hufa. Tui nalo usilimalize kwa mara moja. Bakisha kama robo kikombe, kwa sababu sukari ikiyeyuka hulegeza rojo, na ulilodhani ni zito linageuka maji.

Uzito unaotakiwa ni huu: inua upawa, rojo lishuke kwa mkanda mmoja usiokatika, na mkanda huo uonekane juu ya rojo kwa muda mfupi kabla haujazama. Ukizama papo hapo, ni jepesi. Ukibaki umesimama, ongeza lile tui ulilobakisha.

Mchele gani unafaa?

Mchele mweupe wa kawaida usiochemshwa kabla ya kukobolewa. Ule uliochemshwa kiwandani, wenye rangi ya manjano kidogo na punje ngumu, hausagiki laini na mkate wake hubaki na mchanga mdomoni. Mimi napenda mchele wa Kyela kwa harufu yake. Ndugu zetu wa Kenya wanatumia pishori ya Mwea, na walio Ghuba wanatumia basmati. Yote inafaa. Chenga za mchele nazo zinafaa kabisa: ni rahisi kwa bei, zinarowana haraka na zinasagika upesi. Hakuna haja ya kutumia mchele mzima wa bei ghali kwa kitu kitakachosagwa.

Lazima niuroweke usiku kucha? Siwezi kutumia unga wa mchele wa dukani?

Saa 6 zinatosha. Watu huroweka usiku kwa sababu ndio wakati wa kulala, asubuhi kazi inaendelea. Kama ni msimu wa joto kali, weka bakuli kwenye friji, au badilisha maji mara moja kabla hujalala, maana mchele uliokaa kwenye maji yenye joto la chumba huanza kunuka uchachu ambao si ule wa hamira.

Unga wa dukani utakupa mkate, lakini mzito. Mchele mkavu ukisagwa, unga wake hunywa tui taratibu sana na kwa kutolingana, kwa hiyo rojo linaonekana sawa sasa na baada ya nusu saa limekuwa zito. Mchele uliorowekwa umeshakunywa maji yake. Ukiwa huna njia nyingine, changanya unga na tui, uache ulale saa 2 au 3, ndipo urekebishe uzito na kutia hamira.

Tui la kukuna au la kopo?

La kukuna, ukiweza. Nazi mbili kubwa zilizokomaa, zikunwe kwenye mbuzi bila kufika kwenye ganda la kahawia, kwa sababu vile vichembe vya ganda hutia tui weusi. Mwagia maji vuguvugu kikombe kimoja, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo la kwanza, na ndilo la mkate. La pili litumie kwenye mchuzi au wali.

Kwa walio London au Toronto, kopo si dhambi. Chagua lenye nazi na maji, usichague kinywaji cha nazi cha boksi, hicho ni maji tu. Tui la kopo huwa zito mno na huganda mafuta juu, basi lipashe kidogo, likoroge, ulipunguze kwa maji vuguvugu: vikombe vitatu vya tui kwa kimoja cha maji. Na lisichemke. Tui lililochemka hukatika, mafuta yakajitenga, na mkate ukatoka na tabaka la mafuta chini.

Bibi yangu hapimi kitu. Nifanyeje niyaandike mapishi yake kabla hayajapotea?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, usimwulize "kiasi gani?" Atakwambia "kiasi," na hatakuwa amekuficha. Kipimo chake kipo kwenye chombo na kwenye mkono. Nenda ukapike naye, na kabla hajaanza, uombe vyombo vyake: kikombe cha bati anachochotea mchele, kata au bakuli la tui, kijiko cha hamira. Vijaze maji, uyapime maji hayo kwa chombo chenye alama za mililita, uandike. Wazee wengi bado wanahesabu kwa kibaba na pishi. Pishi moja ni vibaba vinne, hilo halibadiliki, lakini kibaba cha nyumba yenu huenda ni kopo fulani lililofanywa kibaba tangu zamani. Pima hilo kopo lenyewe, usitafute kibaba cha watu wengine.

Kwa vitu anavyotia kwa mkono, kama sukari na iliki, tumia mizani ya jikoni. Weka bakuli la sukari juu ya mizani kabla hajachota, soma namba. Akimaliza, soma tena. Tofauti ndiyo aliyotia. Hivyo humkatizi, wala humfanyi ajihisi anatahiniwa. Ukimshikia mkono kila dakika atapika kwa namna asiyoizoea, na utaandika mapishi ambayo si yake.

Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi, uliza "umejuaje?" Akisema sasa lipo tayari, "Umejuaje, bibi?" Akisema moto umezidi, "Umejuaje?" Atakwambia rojo limepanda mpaka kwenye ule mkunjo wa sufuria, au kwamba ameusikia mkate umenyamaza. Andika maneno hayo kama alivyoyasema, kwa lahaja yake. Kama ni Mpemba, andika Kipemba. Kama ni wa Lamu, andika Kiamu. Ukiyasafisha yawe ya shuleni unapoteza kitu ambacho yeye alikisikia kwa mama yake.

Tatu, pika naye zaidi ya mara moja, na ikiwezekana mara nyingine iwe msimu wa baridi. Utakuta vipimo vyake vinabadilika. Kipupwe anaongeza hamira au anaweka sufuria karibu na jiko. Akiwa na nazi changa anapunguza maji. Vipimo viwili visipolingana, viandike vyote viwili pamoja na hali ya siku ile.

Na umrekodi sauti, akiridhia. Simu iliyowekwa kando ya meza inatosha.

Nitajuaje rojo limeumuka vya kutosha?

Lifunike, uliweke mahali pasipo upepo. Pwani, siku ya joto, huchukua dakika 45 hadi saa 1. Nyanda za juu kama Arusha au Nairobi, au Ulaya wakati wa baridi, linaweza kuchukua saa 2.

Angalia uso wake: utaona vipovu vidogo vimejaa kila mahali na rojo limepanda kwa karibu nusu zaidi ya ulivyoliacha. Pitisha mwiko taratibu; chini pawe na utando wa mapovu. Linuse. Harufu iwe tamu yenye uchachu wa mbali. Ikiwa uchachu umetangulia, limepitiliza, na mkate utapanda haraka kisha udidimie. Bado linaweza kuokolewa kwa kulikoroga na kulipika papo hapo, lakini usitegemee matundu mazuri.

Moto wa juu na chini unapangwaje?

Mchele hauna ule unato wa ngano unaoshika hewa. Hamira inatoa hewa, hewa inapanda, na kinachoizuia isitoroke ni rojo lenyewe kuiva na kuganda kwa joto. Ukiwa na moto wa chini peke yake, chini huungua kabla juu hakujaganda, vipovu vinapasuka, mkate unakaa. Ndiyo sababu ya kupalia makaa juu ya mfuniko.

Washa makaa mengi kuliko unayodhani utayahitaji, uyaache mpaka yashike majivu meupe kote. Makaa yenye weusi bado yana moshi, na moshi huingia kwenye tui. Kisha yagawe: theluthi mbili ni za juu, theluthi moja ni ya chini. Yale ya chini yatandaze pembeni mwa jiko, katikati acha majivu, kwa kuwa katikati ya sufuria ndipo panapoungua kwanza. Ya juu yapange kwenye mfuniko bapa wa bati, nayo zaidi yawe pembeni, kidogo katikati. Mfuniko uwe umeshapata moto kabla ya kumimina. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamimina, ndipo wanaanza kutafuta koleo.

Bandika sufuria ikiwa na samli. Samli ikipata moto, zungusha ipande kingo zote. Changanya ute wa yai uliopigwa kidogo kwenye rojo, kwa mkono mwepesi, kisha mimina kwa mara moja. Lazima usikie "shaa!" Ukimimina kimya, sufuria ilikuwa baridi na mkate utaganda chini. Acha wazi dakika 3 hadi 5. Kingo zitaanza kukauka na matundu madogo yatafunguka juu. Hapo funika kwa mfuniko wenye makaa.

Usifunue kwa dakika 15 za mwanzo. Tumia pua. Kwanza utasikia harufu ya iliki, halafu nazi iliyochomwa. Ikija harufu ya sukari inayoungua, punguza moto wa chini mara moja, wala usiguse wa juu. Kwa kawaida mkate huiva kwa dakika 25 hadi 35. Chomeka njiti safi ya chelewa katikati, itoke kavu. Juu pawe na rangi ya hudhurungi, na kingo ziwe zimeachia sufuria zenyewe.

Wenye vifuu vya nazi, vitumieni kwa moto wa juu. Vinawaka kwa nguvu na kuisha haraka, jambo linalofaa kwa kutia rangi mwishoni. Kwa moto wa chini ni vikali mno.

Mfuniko uinuliwe kwa koleo, sawasawa bila kuinamisha, majivu yasimwagike ndani. Na jiko la mkaa liwe uani au barazani, au mahali penye hewa inayopita. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu waliolala ndani ya vyumba vilivyofungwa. Mkate hauna thamani hiyo.

Ninaishi ghorofani na nina oveni tu.

Basi una moto wa juu na chini tayari. Washa oveni nyuzi 180 za Selsiasi mapema. Anzia juu ya jiko: samli, sauti ya "shaa", dakika 3 au 4 moto mdogo mpaka matundu yaonekane. Ndipo uingize sufuria, rafu ya kati, dakika 25 hadi 30. Hakikisha mikono ya sufuria si ya plastiki. Ukiruka hatua ya jikoni na kuingiza rojo baridi moja kwa moja, utapata keki ya mchele, nzuri tu, lakini matundu yale marefu yanayopanda kutoka chini hayatakuwapo.

Na mwenye gesi bila oveni?

Weka chuma cha chapati kwenye moto mdogo, sufuria ikae juu yake ili joto lisambae. Funga mfuniko kwa kitambaa kinene, ncha zake uzifunge juu mbali na moto, ili mvuke usidondoke kwenye mkate. Juu kukishaganda, upindue kwenye sufuria nyingine iliyopakwa samli upate rangi. Ladha inakuwapo, ila sura inapungua.

Mkate wangu unaganda chini kila mara.

Sufuria haikupata moto, au samli ilikuwa kidogo, au ulijaribu kuutoa ungali moto. Uache upoe dakika 15 ndani ya sufuria, pitisha kisu kingoni, ndipo uupindue. Samli inashinda mafuta ya kupikia hapa.

Unapanda vizuri, halafu unadidimia katikati.

Sababu ziko tatu, na zichunguze kwa mpangilio huu. Rojo lilikuwa jepesi: jaribu ule mkanda wa upawa. Rojo lilipitiliza kuumuka: linuse kabla ya kupika. Au ulifunua mapema. Ukiona umedidimia na ndani kuna tabaka la ulojo chini, ni rojo jepesi karibu kila mara.

Usipopanda kabisa, ijaribu hamira yako kwanza: nusu kijiko kwenye maji vuguvugu na sukari kidogo. Isipotoa povu kwa dakika 10, itupe.

Mama mkwe wangu anatia unga wa ngano vijiko viwili na hatii yai. Mama yangu anatia ute wa yai na hataki kusikia ngano. Nimfuate nani?

Wote wanatafuta kitu kimoja, kuushika mkate usianguke. Ute wa yai huimarisha vipovu, na mkate hutoka mwepesi. Ngano hutia unato kidogo, na mkate hukatika kwa vipande safi visivyomeguka. Wapo pia wanaochota rojo kidogo, kulipika uji mzito, kuupoza na kuurudisha ndani. Hii ni njia ya zamani na mkate wake hubaki laini hadi kesho yake. Ukipika kwa mama mkwe, pika kama yeye na uulize sababu zake. Kwako, pika upendavyo. Mimi natia ute, situmii ngano.

Asiyekula ngano kwa sababu za kiafya na aambiwe wazi kama umetia, maana wengi hudhani mkate wowote wa mchele ni salama kwao.

Naweza kupunguza sukari?

Ndiyo, hadi nusu kikombe bila shida. Chini ya hapo rangi ya juu inakuwa hafifu na mkate unakauka upesi.

Mkate wa nyama na mkate wa mayai hupikwa hivi hivi?

Moto ni uleule, rojo si hilo. Mkate wa mayai ni mayai na sukari vilivyopigwa mpaka vikawa vyeupe, kisha unga wa ngano. Hauna hamira wala hausubiri. Mkate wa nyama una rojo la mayai na unga, katikati unatandazwa kima kilichokaangwa kwa vitunguu, pilipili manga na ndimu mpaka kikakauka kabisa. Kima chenye maji huharibu kila kitu. Anayeujua moto wa mkate wa kumimina, hiyo miwili haitamsumbua.

Unakaa muda gani?

Nje, siku moja. Nazi haina subira na joto. Ufunike kwa kitambaa safi na kawa juu yake, usiufunike kwa bati ungali moto, utatoa jasho na kulowana. Kwenye friji siku 2 au 3, lakini utakuwa mgumu, kwa kuwa mchele ulioiva hukaza kwenye baridi. Upashe kwa mvuke, si kwa kuukausha motoni. Unaweza pia kuugandisha ukiwa umekatwa vipande, na hivyo ndivyo wengi wa ughaibuni wanavyojiwekea akiba ya Ramadhani.

Rojo limebaki. Nilitupe?

Usilitupe. Linaweza kuwa vitumbua, au vibibi kwa kuliongeza tui mpaka liwe jepesi, kulimimina kwenye kikaango na kulipika upande mmoja, kisha kumwagia juu tui zito lililotiwa sukari na iliki. Vitumbua vinataka rojo zito kuliko vibibi, basi kama limebaki la kutosha, anza na vitumbua, ndipo uongeze tui kwenye lililosalia.